Bia nyeusi ya kahawa na siga kwenye joto la Julai: nani alisema ni kinywaji cha baridi?

MangiMichigan (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huku kwangu ni jioni kwa saa tu: ni saa tatu usiku na jua bado linanipiga usoni. Grand Rapids kipindi hiki jua linazama kama saa tatu na nusu. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nakula chakula cha usiku mara mbili, kile cha kwanza nikidhani ni cha alasiri.

Leo joto limefika nyuzi 31. Majirani wote wameshika makopo yaliyokuwa yamezikwa kwenye barafu. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba na bia nyeusi tii yenye kahawa ndani, pembeni siga inafuka. Wasioijua siga: ni ile sigara nene ya majani matupu, haina karatasi wala kichungi. Jirani kachungulia juu ya ua akaniambia hicho ni kinywaji cha Januari. Nimekataa, na nimekuja kukatalia hapa.

Bia yenyewe ni Founders Breakfast Stout, inapikwa mji huuhuu. Ndani yake kuna oti, chokoleti, na kahawa ya aina mbili, ya Sumatra kule Indonesia na ya Kona kule Hawaii. Kilevi asilimia 8.3. Ukiimimina, povu linakuja na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea.

Nilipoinunua mara ya kwanza niliikosea adabu. Niliitoa kwenye friji, nikainywa kwa chupa, haraka, kama mtu aliyetoka kulima. Nikaambulia uchungu na baridi ya meno. Nikasema Wamarekani wametia masizi kwenye bia. Chupa tano zilizobaki zikakaa miezi.

Kilichonibadilisha ni siga. Rafiki alinipa moja fupi, inchi tano, unene 50 (wanapima kwa sehemu ya 64 ya inchi, kwa hiyo hamsini ni karibu kidole gumba cha fundi). Siga ya namna hiyo inakwenda dakika hamsini hivi ukiivuta kistaarabu, pafu moja kila dakika. Sasa huwezi kumaliza bia kwa dakika kumi halafu ukabaki unaangaliana na moshi. Ikabidi ninywe kidogokidogo, na bia ikawa inapata joto ndani ya glasi.

Mkuu wee! Mafunda ya kwanza uchungu tu. Baada ya robo saa kahawa ikajitokeza, ile kahawa yenyewe, kama mtu amefungua mfuko. Kufika nusu saa chokoleti ikafuata. Funda la mwisho lilikuwa tamu kuliko la kwanza, jambo ambalo bia ya kawaida haijawahi kunifanyia.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Bia ya kahawa haitaki baridi kali, inataka nyuzi 10 hadi 13 na zaidi kidogo. Siga nayo inataka kukaa nje bila haraka, maana Michigan tangu Mei 2010 huvuti tena ndani ya baa wala mgahawa, labda uende kwenye baa maalumu za siga. Nani ataketi nje saa nzima Januari, theluji ikiwa magotini? Kiangazi ndicho kinachowakutanisha hawa wawili. Jirani amesoma kalenda kichwa chini.

Na kuna kitu kingine kinanisumbua. Nimezaliwa Kibosho, Uchagani kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katikati ya kihamba (shamba la nyumbani) cha kahawa. Nimechuma, nimemenya, nimeanika. Nyumbani tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuzwa, ilikuwa karo ya shule. Nimekuja kuijua ladha yake ndani ya bia, ughaibuni, nikiwa na miaka 34.

Karibuni.

Napita_Tu

Uzi bila picha ni sawa na harusi bila pilau.

BaniLaUrambo

Mangi, salaam kutoka Tabora. Mimi tumbaku imenisomesha kama kahawa ilivyokusomesha wewe, na nina malalamiko yaleyale: nimeikausha utoto mzima, siga sijaishika hadi mwaka juzi, tena kwa mzungu mmoja aliyepita kununua asali.

Nikavuta kama sigara. Nikaingiza kifuani. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimekumbatia mwembe, dunia inazunguka, jasho jembamba, chakula chote nje. Mke wangu akadhani nimelishwa kitu.

Baadaye nikaelezwa sababu, nikaielewa kwa sababu ya kazi. Tumbaku yetu ya Urambo ni ya mvuke. Tunaifunga kwenye fito, inaingia bani (banda la kukaushia), inapigwa moto kama wiki moja ikiwa njano na sukari yake ndani. Moshi wake unapita kooni bila ugomvi, ndiyo maana inafaa sigara. Tumbaku ya siga hukaushwa kwa hewa tu, wiki nyingi, halafu inarundikwa malundo makubwa ichachuke yenyewe kwa joto lake. Sukari inaisha, harufu kali kama ya mkojo inatoka, na moshi unakuwa na tabia ya magadi. Nikotini yake inaingia kupitia mashavu na ulimi. Huna haja ya kuimeza, mdomo unatosha.

Swali langu: hiyo yako ina jani la rangi gani?

MangiMichigan

BaniLaUrambo, pole na mwembe. Nimecheka peke yangu mpaka jirani kachungulia tena.

Jani la nje ni jeusi, wanaliita maduro. Kwa Kihispania maana yake ni mbivu. Limechachushwa kwa joto kubwa na kwa muda mrefu kuliko mengine, ndiyo likapata weusi na utamu wa mbali kama sukari guru. Majani ya ndani ni ya Nikaragua, mji wa Estelí. Nilijaribu pia yenye jani la kahawia hafifu, lile la Connecticut, ila bia ikaifunika kabisa. Nilikuwa navuta hewa ya moto.

Nadhani siri ni kwamba vyote viwili vimepita motoni kwa namna yake. Shayiri imekaangwa, kahawa imekaangwa, jani limeivishwa. Wanajuana.

NaiUsiku

Jameni wazee, hapa Nairobi hatuhitaji kuhubiriwa bia nyeusi. Guinness tunakunywa jua likiwaka na mvua ikinyesha. Weita akikuletea menyu ya kichwani anauliza jambo moja: baridi ama moto (yaani isiyotoka kwa friji)? Na wazee wa kwetu karibu wote watasema moto.

Lakini niwaambie kitu, Guinness haina kahawa hata punje. Nilibishana na msee mmoja hadi tukawekeana dau. Ile harufu ya kahawa ni shayiri iliyokaangwa bila kufanywa kimea, ikaangwa mpaka karibu iungue. Arthur Guinness alikodi kile kiwanda cha Dublin 1759, kwa mkataba wa miaka 9,000. Huyo hakuwa na haraka, siga yake ingemchukua muda!

Mimi huchanganya na Koka. Msinipige.

Nshomile_Halisi

Kuchanganya na Koka? Tutakupiga.

Mleta uzi, umenigusa kwenye kahawa. Sisi Bukoba hatukungoja bia. Kahawa tunatafuna. Inachumwa, inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inakaushwa, na mgeni akiingia anawekewa kabla ya kitu kingine chochote. Unaitia shavuni unazungumza. Bibi yangu alikuwa na kibweta kidogo cha kusokotwa kazi yake hiyo tu.

Kwa hiyo unaposema kahawa ilikuwa ya kuuza tu, sema Wachaga. Sisi tumeila.

MangiMichigan

Nshomile nimekubali yaishe, maana nikijibu utaniandikia kwa Kiingereza cha Malkia.

NaiUsiku, hapo kwenye "baridi ama moto" umenikumbusha babu. Alikuwa akishuka Moshi mjini siku za mnada, na akifika baa anaagiza moja, "ya moto", kisha anakaa nayo saa mbili. Sisi vijana tulimcheka, tukiona ni ushamba wa mtu asiye na friji. Lakini hebu fikirini. Kule juu Kibosho mwezi wa saba jioni ni sweta na koti. Chupa iliyokaa kwenye shelfu usiku kucha Julai inaweza kuwa nyuzi 13, 14. Ndicho kipimo ambacho leo wataalamu wananiuzia kwa maandishi ya dhahabu! Babu alikuwa nacho bure.

Mjini Moshi mchana, sawa, hapo alikuwa anakunywa uji.

KahawaTungu

Assalaam aleikum. Mie pombe sinywi na tumbaku sivuti, nimevutwa na neno kahawa nikaona niingie, muniwie radhi.

Nataka nimuunge mkono ndugu yetu kwenye suala la joto tu. Huku Unguja wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mtu anatoka jasho akiwa amekaa. Na wakati huohuo alasiri pale barazani watu wanakunywa kahawa tungu, nyeusi, inatoka moshi, dele limekaa juu ya makaa. Kipande cha halua au kashata, vikombe viwili vitatu vya kidole, mazungumzo mpaka adhana ya magharibi. Hakuna aliyewahi kusema kahawa tungu ni ya kipupwe.

Utamu kwanza halafu uchungu. Hilo mmelisahau katika starehe yenu, nyote mnakwenda uchungu juu ya uchungu.

MangiMichigan

Aleikum salaam shekhe wangu, karibu sana, na hilo la mwisho nimelichukua. Kashata! Mbona sikuwaza kashata. Kesho nakaanga nazi.

Daktari_wa_Zamu

Naona starehe zimekolea, ngoja niwe yule mgeni asiyealikwa.

Kutokumeza moshi hakukuokoi. Saratani ya mdomo, ya koo na ya umio haihitaji moshi ufike mapafuni. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: pombe na tumbaku vikitumiwa pamoja, hatari ya saratani ya mdomo na koo haijumlishwi, inazidishwa. Siga kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku kama ya pakiti nzima ya sigara. Kwa hiyo hao "wanaojuana" wa mleta uzi, wanajuana hadi huko.

Sikatazi, nyie ni watu wazima. Nauliza tu: ni mara ngapi?

MangiMichigan

Daktari, swali halali. Siga mbili kwa mwezi, kuanzia Juni hadi Septemba. Majira mengine sivuti kabisa, na si kwa ushujaa, ni baridi tu. Nikianza kuvuta kila wiki nitakuja kukwambia hapahapa, nawe unitukane.

HesabuKali

Nimepiga hesabu wakati mnasifiana. Chupa ya Mangi ni mililita 355, kilevi 8.3, sawa na karibu mililita 29 na nusu za kilevi kitupu. Chupa yetu ya nusu lita yenye asilimia 5 ni mililita 25. Yaani hicho kichupa chake kidogo kinaizidi chupa kubwa ya hapa Bongo. Akinywa tatu "polepole" amekunywa karibu tatu na nusu zetu. Wale mtakaoiga msihesabu chupa.

BiaNyumbani (Munich)

Wakuu nipo Munich na napika bia kwenye jiko langu, mke akiniruhusu. Niongeze ya kiufundi.

Kwanza, huku Bavaria sheria ya 1516 ya kupika bia kwa shayiri, hopsi (maua ya kutia uchungu) na maji tu bado ina heshima kubwa. Ukitia kahawa kwenye bia mbele ya mzee wa Kibavaria ni kama kutia sukari kwenye ugali. Bia nyeusi wanazo, lakini weusi wake ni wa kimea tu, nyepesi, na wanazinywa kiangazi bustanini bila mtu kushtuka. Rangi na uzito ni vitu viwili. Ile Guinness laini ya pipa ina asilimia 4.2 tu, nyepesi kuliko lager nyingi.

Pili, kahawa haichemshwi pamoja na bia. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, lita ishirini zikawa chungu kama shubiri, na harufu yote ikaondoka na mvuke. Sasa naitwanga kubwakubwa, nailoweka kwenye maji baridi usiku mzima, naichuja, naimimina mwishoni hamira ikishamaliza kazi. Wengine wanatumbukiza punje nzima kwenye kitambaa siku moja au mbili.

Tatu, na hili Mangi lisome vizuri: bia ya kahawa haiwekwi. Umesema chupa zako zilikaa miezi? Kahawa ndiyo inayokufa kwanza. Na baadhi zikizeeka zinatoa harufu ya pilipili hoho, hoho mbichi kabisa. Ukiisikia, mwaga.

MangiMichigan

BiaNyumbani, umenitia homa. Nina moja imebaki kwenye stoo ya chini tangu Februari.

DadaWaUsaRiver

Kaka zangu, mbona mnaongea kana kwamba wanawake hawapo? Mimi nanywa Castle Milk Stout, naipenda kuliko hizo za kwenu za kuumiza ulimi. Ile ina sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila, ndiyo maana inabaki laini. Shekhe amesema utamu halafu uchungu, basi mimi nimemtangulia.

Siga nilijaribu Arusha, kwenye hafla ya kazini. Nusu tu. Shida haikuwa ladha, shida ilikuwa nywele. Siku tatu nasuka na kufumua, msusi ananiuliza "dada, ulilala jikoni?"

Na swali: mnakula nini? Kukaa na asilimia 8 tumbo tupu halafu mnamshangaa Bani kukumbatia mwembe.

BaniLaUrambo

Dada umesema. Siku ile nilikuwa nimekunywa chai kavu asubuhi, basi. Nimekuja kujua kwamba ukianza kupata kizunguzungu, unatia kitu cha sukari mdomoni. Mimi natafuna muwa.

MangiMichigan

Nyama choma, dada, mbavu zilizopata weusi pembeni. Usilete samaki, usilete saladi. Na maji ya kawaida, glasi kwa glasi.

NaiUsiku

Mangi, siga zako unaweka wapi? Yangu nililetewa na binamu, nikaiweka kwa gari wiki mbili. Nikiitoa ina vitundu kama vya sindano na unga unadondoka.

BaniLaUrambo

Huyo ni fukusi wa tumbaku, namjua kwa jina na ukoo. Mayai yanakaa kwenye jani kimya, likipata joto yanaanguliwa. Gari la Nairobi mchana ni incubeta. Tena si hilo tu, kama moja imetobolewa na nyingine zilikuwa pamoja, zitie kwenye mfuko, zikae kwenye friza siku tatu nne, kisha uzihamishie kwenye friji ya kawaida siku moja ndipo uzitoe. Ukizitoa ghafla jani linapasuka.

MangiMichigan

Mimi nina chombo cha plastiki cha kufunga vizuri, kile cha kuwekea mchele, na kipakiti cha kulinda unyevu kwenye asilimia 65 hadi 70. Wenye fedha wana masanduku ya mwerezi. Zikikauka zinawaka kama karatasi na kuunguza ulimi, zikiloa zinazima kila baada ya pafu mbili.

Na jivu msiligonge kama la sigara. Liache lirefuke hata inchi nzima, linapoza moshi. Likianguka kwenye suruali, hiyo ni ada ya uanachama.

Napita_Tu

Bado nasubiri picha.

MangiMichigan (siku tisa baadaye)

MREJESHO.

Nimefungua ile ya Februari. BiaNyumbani, Mungu akubariki na akusamehe. Hoho. Si dhahiri sana, lakini ukishaambiwa huwezi kuacha kuisikia. Nimemwagia bustani, na pale nimepanda hohohoho hizohizo, kwa hiyo mambo yamerudi nyumbani.

Nimenunua nyingine, nikaangalia tarehe ya chini ya chupa kama mama anavyoangalia maziwa. Nimeitoa friji dakika ishirini kabla, glasi pana, nyuzi 29 nje. Na safari hii nimebadilisha siga: jani la nje ni la Kameruni. Ndiyo, Kameruni hii yetu ya Afrika, mbegu yake asili ni ya Sumatra. Jani jembamba, lina vipele vidogo ukilipapasa, na harufu kama ya viungo vya pilau vikavu. Nilidhani bia itaifunika kama ilivyofanya ile ya Connecticut. Haikufunika. Kahawa ya Sumatra ndani ya glasi na tumbaku ya asili ya Sumatra mkononi, na mimi Mkibosho katikati nimeshika kashata. Shekhe, kipande kidogo cha kashata, subiri kidogo, kisha funda: sitaki kuwaeleza zaidi.

Nikiwa hapo nikampigia baba simu, kule ilikuwa alfajiri, ameshaamka kwenda kutazama ng'ombe. Nikamweleza kwamba watu wa huku wanatia kahawa kwenye bia. Akanyamaza. Akauliza, "Na wanailipia?" Nikamwambia wanailipia sana. Akauliza tena, "Hiyo kahawa ni ya kwetu?" Nikasema hapana baba, ni ya Sumatra.

Akasema, "Basi kunywa maji," akakata.

KahawaTungu

Mzee amenena.

Nshomile_Halisi

Mwambie baba Bukoba tupo, tutamtumia ya kutafuna.

DadaWaUsaRiver

Hohohoho ndiyo mboga gani hiyo kaka? Ulikuwa unaandika uko chupa ya ngapi?

MangiMichigan

Ya kwanza, dada. Nusu. HesabuKali ni shahidi.

Napita_Tu

Picha?